Hatua ya Kumi na Nne

Siku ya arobaini ya Fundi Msengi, sufuria za pilau zilishabandikwa nyumbani kwa marehemu, na Ntandu alikuwa bado ofisini, miguu juu ya meza, anapambana na ukurasa mmoja na nusu.

Alikuwa ameuacha mwisho makusudi. Fundi, aliyemfundisha kazi, alimwachia miongozo arobaini na mmoja, na Ntandu alishaifanya arobaini kwa siku thelathini na tisa, kila hatua kwa mkono wake, mpaka viganja vikaota sugu. Kazima pampu za ziwani na kuziwasha. Kapanda mnara wa mawasiliano upepo ukiwa unamtukana. Huu mmoja ulikuwa mfupi, habari za koki tu. Akajiambia huo ni wa kumalizia, kama kunawa mikono baada ya kula.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeandika hivi:

mwongozo-koki-akiba
Mlezi: Msengi (marehemu, siku ya 40)
Utakuwa yatima leo saa 9:00 alasiri
Vifurushi vinavyoutegemea: 312
Vitaondolewa vyote.

Ndivyo Mkeka ulivyo. Mkeka ndio mfumo uliotandikwa chini ya kila mtambo wa mji wa Nyandakavu, vifurushi elfu na elfu vya maagizo ya mitambo, vimeshonwa kimoja kwa kingine kama ukili. Zamani mitambo ilijiandikia yenyewe namna ya kufanya kazi, hadi siku ilipoua watu kule bondeni na asipatikane hata mmoja wa kueleza ilikuwa inafanya nini. Walionusurika wakaweka sharti: mtambo usio na mtu hai wa kuueleza na kuuendesha kwa mkono, usiwashwe. Kwa hiyo kila kifurushi kinategemea mwongozo wake, na kila mwongozo una mlezi aliyefanya hatua zake zote, akatia dole. Mlezi akifa, mwongozo unamlilia siku arobaini. Asipopatikana wa kuulea, Mkeka unauchomoa, na vyote vilivyoshonwa juu yake vinafumuka.

Katika hivyo 312, vingi vilikuwa vya mashine kumi na tatu za kusafisha damu kwenye Kituo cha Figo. Shangazi Mwasiti, aliyemlea Ntandu tangu hajui kujifuta kamasi, alilala kwenye mojawapo mara tatu kwa wiki. Leo zamu yake ilikuwa saa tisa.

Ntandu akasoma tena hatua ya kumi na nne. *Funga koki kuu, fungua koki ya akiba. Namna ya kuifungua: tazama mwongozo-geji, hatua ya tatu.* Akaenda kwenye mwongozo-geji. *Koki ya akiba ikishafunguliwa kama ilivyoelezwa kwenye mwongozo-koki-akiba, hatua ya kumi na nne, soma geji.*

Akarudi. Akaenda. Akarudi tena. Ni kama kumuuliza mtu njia akakwambia muulize yule, na yule akakwambia muulize huyo uliyetoka kwake.

Akafungua kumbukumbu za madole. Miongozo yote miwili ilipitishwa siku moja, miaka tisa iliyopita. Dole la Bi Zamaradi, mlezi wa mwongozo wa geji, kile kipimo cha nguvu ya maji, lilitiwa saa tano na dakika nane. La Fundi Msengi, saa tano na dakika kumi na mbili.

Ntandu akashusha miguu chini. Hatua yenyewe, kuifanya kwa haraka zote, inataka dakika ishirini, na kila mlezi huifanya kwa mkono wake. Dakika nne hazitoshi.

*

Bi Zamaradi alikuwa na chumba chake palepale Kituo cha Figo, nyuma ya mashine, na dirisha la kioo linalotazama benchi la wagonjwa. Mama wa makamo, mnene, miwani imefungwa kwa uzi, mkali kwa kila mtu isipokuwa wagonjwa. Ntandu akamwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa chai. Hakukaa.

Kuna neno moja walezi hawaambiani. Unaweza kumwambia mwenzio mvivu, mlafi, mchawi, mtacheka. Lakini humuulizi mlezi mwenzio kama kweli alifanya alichotilia dole. Ukiuliza umemvua nguo. Fundi Msengi mwenyewe aliwahi kukaa mwaka mzima hasemi na mtu kwa sababu ya swali hilo.

Ntandu hakuuliza. Aliweka madole mawili kwenye kioo, moja juu ya lingine, saa zikionekana.

Bi Zamaradi akazitazama saa zile. Kisha akavua miwani akaanza kuifuta na kanga, na ilikuwa safi.

Alichosimulia kilikuwa kifupi. Mashine zilikuwa zimefika wiki ile, wagonjwa wamejaa mpaka nje, wawili walishafia kwenye foleni. Miongozo ilibaki miwili tu. Yeye aliona jina la Msengi kwenye ule wa koki, akajua huyo mtu hakosei, koki atakuwa ameshaifungua. Akatia dole. Fundi naye akaona dole la Zamaradi limeshatiwa kwenye geji, na geji haisomeki kabla koki haijafunguliwa, basi akajua mama huyu ameshaifungua.

"Kila mmoja alimheshimu mwenzie," Bi Zamaradi akasema. "Mashine zikawaka. Watu wakapona. Miaka tisa, mwanangu."

"Na koki ya akiba?"

"Iko pale chini. Inapakwa rangi kila mwaka."

Koki hiyo ndiyo ya siku mbaya. Umeme ukikatika, mashine hubaki kwenye betri lakini mitambo ya kuchuja maji inazima; hapo unafunga koki kuu kwa mkono, unafungua ya akiba, na maji safi yanashuka yenyewe kutoka kwenye tenki la juu. Bila hiyo, mashine kumi na tatu zinavuta hewa kavu, zina watu ndani.

Akasema basi afanye hatua hiyo sasa hivi. Bi Zamaradi akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Akamkumbusha kitu ambacho Ntandu alikuwa anakijua lakini hakutaka kukisikia: ukishauambia Mkeka unaanza jaribio, koki kuu inafungika na Mkeka unaishikilia. Haiachii mpaka geji ya akiba isome mbili. Ikigoma kusoma, imefungwa, na mafundi wa makao makuu wako mbali, siku tatu.

"Hao walioko benchi hawana siku tatu," akasema. "Wewe unajua. Shangazi yako yumo."

Kisha akavuta kiti, akamwonyesha njia ya kutokea. Kila kifurushi cha mashine kilikuwa na mstari wake: *lazima: mwongozo-koki-akiba*. Ukifuta *lazima* ukaweka *pendekezo*, uzi umekatika. Mwongozo unakuwa yatima, unaondoka na amani yake, na mashine hazina habari. Miji mingine, akasema, walishafanya hivyo zamani. Kwao miongozo yote ni pendekezo.

"Na nani anaisoma?" Ntandu akauliza.

"Hakuna."

Ntandu akaandika amri. Vifurushi vyote kwa mkupuo mmoja. Mkeka ukafikiri kidogo, ukajibu: *Vitakavyoondolewa: 0. Unakubali?*

Sifuri. Tamu kama nini. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, hakikugusa, hakikuondoka. Alitoka shule darasa la sita kwa sababu ya jambo la namna hii hii. Mwalimu alisema nukuu ubaoni, yeye akasema nieleze kwanza, akachapwa, kesho yake hakurudi. Kitu asichokielewa hakikumkaa tumboni hata kidogo, na watu walishamwambia ugonjwa huo utamfikisha pabaya.

Akatazama kwenye dirisha. Benchi lilikuwa limeshaanza kujaa watu wa zamu ya mchana. Shangazi Mwasiti alikuwa amevua viatu kwa sababu miguu imevimba, na anamsimulia jirani yake jambo fulani huku anampiga piga begani.

Kama angebonyeza, angewabonyezea wao. Na wao wako hapo, hatua kumi tu, wana masikio.

*

Aliwaambia kama ilivyo, amesimama mbele ya benchi. Kwamba koki ya akiba haijawahi kufunguliwa na mtu yeyote. Kwamba anaweza kubadilisha neno moja na leo wote wakasafishwa kama kawaida. Kwamba anaweza kuijaribu, na ikigoma, mashine zinalala siku tatu. Hakutaja jina la Fundi wala la mama aliyekuwa nyuma ya kioo.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mzee Kidaa, dereva wa trekta, shingo kama gogo.

"Wewe ndiye unayelala kwenye hizo mashine?"

"Hapana, mzee."

"Basi kabonyeze hilo neno lako. Usitufanye sisi panya wako."

Benchi likanung'unika, na wengi walikuwa upande wake. Mzee alikuwa na haki.

Shangazi Mwasiti akaweka mguu wake mmoja juu ya mwingine, kwa shida.

"Kidaa," akasema, "mwezi uliopita umeme ulipokatika zile dakika nne, ulimshika nani mkono?"

Kidaa akatazama pembeni.

"Sema tu, hapa ni kwetu. Ulinishika mimi. Alama mpaka leo ninayo, mume wangu kaniuliza." Watu wakacheka kidogo, cheko la kuogopa. "Siku ile nesi alituambia tulieni, kuna koki ya akiba. Tukatulia. Tulitulizwa na nini?"

Mwasiti akaushusha mguu sakafuni.

"Kama haifunguki leo mchana kweupe, mimi niko benchi na viatu nimevua, itafunguka siku niko kwenye mashine na damu yangu iko nje?" Akamgeukia Ntandu. "Na wewe ungekuja kutuuliza tangu asubuhi, usingejikondesha hivyo. Una sura kama umemeza chura."

Mzee Kidaa akasema sasa wamemharibia usingizi, maana kabla hajajua alikuwa analala vizuri kwenye ile mashine. Baadaye akainua mkono. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Mwanamke mmoja kijana, mwenye shali ya kijivu, hakuinua. Ntandu akamwendea, akachuchumaa, akamuuliza yeye anasemaje.

"Siinui," akasema taratibu. "Lakini siwezi kukuzuia kwa ajili yangu peke yangu. Nenda. Ukishindwa, uje uniambie wewe mwenyewe, usimtume nesi."

Hilo lilimwingia kuliko maneno ya Kidaa.

*

Walisubiri zamu ya asubuhi ichomolewe, mtu wa mwisho atoke. Saa nane na dakika kumi Ntandu alishuka chumba cha pampu, Bi Zamaradi nyuma yake na mwongozo mkononi. Hakumwita. Alikuja mwenyewe, anahema ngazini.

Chumba kilikuwa na baridi na harufu ya rangi. Koki kuu ilikuwa ya chuma cheupe. Ya akiba ilikuwa nyekundu, inang'aa, nzuri kama ya kwenye picha.

Hatua kumi na tatu za kwanza zilienda. Bi Zamaradi anasoma, Ntandu anafanya, anarudia kwa sauti. Kisha akaandika kwenye kioo cha ukutani kwamba anaanza. Mkeka ukauliza mara mbili kama ana hakika. Akafunga koki kuu. Ndani ya ukuta kitu kikagonga, *gaa*, na vyumba vya juu vikanyamaza. Ule mlio wa mashine, ambao mtu akishazoea hausikii, sasa haukuwepo na masikio yakauma.

"Hatua ya kumi na nne," Bi Zamaradi akasoma, na akaishia hapo, maana namna ya kuifungua haikuwa imeandikwa.

Ntandu akashika usukani mwekundu akazungusha kushoto. Haukusogea. Akabadilisha mkao, mguu ukutani. Haukusogea hata unywele. Akajaribu kulia, pengine ulifungwa kinyume. Akatafuta bomba, akalichomeka kwenye usukani ili apate urefu, akaning'inia na uzito wake wote mpaka bomba likapinda.

Saa nane na dakika thelathini na tano.

Bi Zamaradi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alikuwa anasema kitu chini chini, ni dua au ni hesabu, haikujulikana. Ntandu jasho lilikuwa linamwingia machoni. Akawaza shangazi, miguu, siku tatu. Akawaza shali ya kijivu. Akawaza kwamba angebonyeza tu, sasa hivi angekuwa anakula pilau kwa marehemu.

Akataka kuupiga teke. Badala yake akaupapasa, kama Fundi alivyomfundisha: chuma kikigoma, achana na nguvu, kitafute kwa vidole. Fundi alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku zote isipokuwa moja.

Chini ya usukani, mahali shingo inapoingia kwenye mwili wa koki, rangi ilikuwa nene kuliko kwingine. Tabaka juu ya tabaka, tisa. Kukawa na kinundu. Akakwangua kwa ncha ya spana. Rangi ikatoka kama ganda la yai, nyekundu, nyekundu, nyekundu, kisha kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwa waya, maandishi yamefutika nusu: *ondoa pini hii kabla ya*.

Ilikuwa pini ya safari. Ile wanayoiweka kiwandani ili koki isizunguke kwenye lori.

Akachukua koleo, akakata waya, akashika kichwa cha pini akavuta. Ikakataa. Akaigonga kwa upande mmoja, kwa upande wa pili, akavuta tena, na pini ikatoka na mlio kama jino. Akashika usukani kwa mikono miwili. Ulizunguka kirahisi, kama kitu ambacho kimekuwa kinangoja tu kuambiwa.

Maji yakashuka kutoka juu kwa kishindo. Sindano ya geji ikaruka, ikarudi, ikapanda. Moja. Moja na nusu. Mbili.

*Gaa.* Koki kuu ikaachiwa. Mashine zenyewe zingesubiri dole.

Bi Zamaradi alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

*

Ilikuwa imebaki robo saa. Walirudi chumbani kwake, Ntandu akaandika upya hatua ya kumi na nne. Pini, rangi, mkono kushoto, mizunguko sita. Akafuta ile *tazama mwongozo-geji*, mwongozo ukasimama kwa miguu yake wenyewe. Kisha Mkeka ukauliza kama unavyouliza siku zote: *Sababu ya mabadiliko?*

Ntandu akaandika, *Hatua imeboreshwa.* Akakaa anaitazama.

Sentensi hiyo ilikuwa haina kosa na haina ukweli. Ingepita. Lakini akiandika ilivyokuwa, dole la Bi Zamaradi linakuwa la uongo, na miongozo yake kumi na saba inaingia mashakani, na yeye anavuliwa ulezi kabla jua halijatua. Na jina la Fundi lingesomwa hivyo na kila atakayefungua kumbukumbu, wakati nyumbani kwake muda huo watu wanamsomea dua.

"Unaweza kuandika kwamba Msengi aliniambia ameshaifungua," Bi Zamaradi akasema polepole. "Marehemu hajibu. Ningebaki na kazi yangu."

Ntandu akageuka akamtazama.

"Nakwambia nilichokiwaza," akasema yule mama. "Sijakwambia ufanye."

Nje, Shangazi Mwasiti alikuwa anamuuliza nesi kwa sauti kama siku hizi watu wanasafishwa kwa kutazamwa. Saa tisa kasoro dakika saba.

Bi Zamaradi akavaa miwani yake. Akasogeza kiti mpaka kwenye kioo, akafuta ile sentensi yeye mwenyewe, akaandika kwa vidole viwili, taratibu, kama watu wa umri wake wanavyoandika: *Hatua hii haikuwahi kufanywa na mtu. Msengi hakusema ameifanya. Mimi Zamaradi sikusema. Hatukuulizana.*

Mkeka ukakubali. Papo hapo jina lake likafifia kwenye miongozo kumi na saba, mmoja baada ya mwingine, na chini pakaandikwa: *Mashaka. Siku 40.* Alitazama mpaka wa mwisho. Kisha akasimama, akampisha Ntandu kiti.

Dakika nne. Ntandu akaweka pini mezani, bado ina rangi. Akanyoosha dole gumba juu ya kioo, akalishikilia hapo, halijagusa.

"Niulize," akasema.

Bi Zamaradi hakuelewa. Au alielewa, akataka aambiwe tena.

"Niulize, mama. Sitakasirika."

Ilikuwa ni kama kumwambia mtu atukane mbele ya baba mkwe. Akalitazama dole la yule kijana, akaitazama pini.

"Umefanya kweli?"

"Nimefanya kweli," Ntandu akasema, akatia dole.

Upande wa pili wa ukuta, mashine kumi na tatu zikaanza kunguruma.